Nywele Zangu na Urugori wa Bibi Mukankusi

Tulikuwa sita ndani ya nyumba ile ya mtaa wa Biryogo, na nitawataja wote kwa majina asije mtu akasema nimeongeza. Alikuwepo Mama yangu, Mwajuma, aliyezaliwa huko milimani akasilimu alipoolewa. Alikuwepo mama yake Mama, Bibi Mukankusi, ambaye hakusilimu na hakujua hata neno moja la Kiswahili. Yeye alikuwa mgeni, amekuja kwa ajili ya arusi. Alikuwepo Shangazi Sofia, dada mkubwa wa Baba, na nyumba ile ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa ya Mama. Alikuwepo Shangazi Amina, dada mdogo wa Baba, bibi arusi mwenyewe. Alikuwepo Zaina, binti wa Shangazi Sofia, miaka kumi na mmoja. Na mimi Hadija, miaka tisa, mwenye nywele. Baba simhesabu. Alikuwa dukani kwenye cherehani yake, na wanaume wa kwetu habari za nywele huzisikia zikishakwisha.

Naandika nikiwa na hasira. Usinitafutie neno jingine la upole, kwamba labda nina uchungu, labda nimekumbuka mbali. Nina hasira.

Jumamosi iliyopita Zaina alikuja kututembelea hapa Busanza, ninapokaa na binti yangu Rehema. Yeye anakaa Kanombe, si mbali. Tulimwekea chai ya tangawizi na maandazi. Mjukuu wangu Shamsa, miaka minane, alikuwa amekaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake anachanwa, maana kesho yake alikuwa asindikize maharusi. Nywele za Shamsa ni zangu mimi, nilimpa. Ukizichana zinafura kama andazi kwenye mafuta. Ukizilowesha zinalala kidogo, zinakudanganya, na zikikauka zinasimama mara mbili ya mwanzo. Basi mama yake, ili kuzituliza pale mbele, alikuwa amemnunulia urugori kule Remera, wa shanga, wenye utepe wa kufunga nyuma.

Kwa asiyejua: urugori ni ukanda unaotengenezwa kwa ganda la bua la mtama. Mama wa Kinyarwanda aliuzungusha kichwani, ukapita juu ya paji, ukafungwa kisogoni, na kila aliyemwona alijua huyu amezaa. Asiyezaa hakuugusa. Siku hizi umetundikwa kwenye msumari dukani pamoja na hereni, anauvaa msichana yeyote, anapigwa picha, anarudi nyumbani anakula wali, na hakuna lolote linalompata.

Zaina akautazama ule urugori wa shanga, akacheka ndani ya kikombe. Akasema, "Weh, Rehema, iko unamvalisha mtoto urugori? Angalia asijifunge tumbo kama bibi yake."

Wakacheka wote. Rehema alicheka, na jirani yetu aliyekuja kuazima kinu alicheka. Simlaumu Rehema, hadithi ile amekua nayo, kwetu inaliwa kwenye kila sherehe pamoja na pilau. Hadija mdogo, mjinga, aliiba urugori wa bibi yake akauvaa apate urembo, wakamnyoa kipara. Lakini Shamsa hakucheka. Aligeuka akaniuliza, "Bibi, ni kweli ulijifunga tumbo?" Kisha akauvua urugori wake, akausukuma chini ya mto wa kiti, akasema kesho haendi popote.

Hapo ndipo niliposema basi. Sasa nitaieleza mwenyewe.

Ilikuwa masika, mvua ile ndefu, mabati yanapiga kelele hadi unazungumza kwa mikono. Nyumba nzima ilinuka hiliki na nguo zisizokauka. Arusi ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Babu yetu aliyekuja kutoka pwani akifuata biashara aliacha kitu kimoja cha thamani: mrashi wa shaba, ile chupa yenye shingo ndefu ya kuwanyunyizia wageni marashi mlangoni. Kila arusi ya kwetu, mrashi hushikwa na mtoto mmoja wa kike. Shangazi Amina alikuwa amenichagua mimi. Zaina alipewa sinia ya tende.

Shangazi Sofia hakupenda. Alinishika kidevu mbele ya wanawake wote, akanigeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi, akasema, "Matimutimu haya? Wageni wataona kichuguu mlangoni wasimwone mtoto." Wakacheka. Kisha akamwambia Mama, "Wifi, una siku sita. Alhamisi nitakitazama kichwa hiki. Kikilala, atashika mrashi. Kisipolala, atashika Zaina."

Siku sita zile, msomaji wangu, ndizo ninazozililia.

Mama alikinga maji ya mvua kwenye sufuria, kwa sababu alisema maji ya bomba yanazikasirisha nywele. Akanikosha kwa sabuni ya kipande, kidogo tu, akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Bibi Mukankusi alikuja na siagi ya ng'ombe kutoka mlimani, iko ndani ya kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani la mgomba. Ilinuka moshi na majani makavu. Zaina alikuwa akipita anaziba pua. Mama aliichota kwa kidole, akaiyeyusha katikati ya viganja, akaipaka kuanzia kwenye ncha kwenda juu, si kuanzia utosini. Alisema nywele zina kiu miguuni. Kisha kitana cha mti chenye meno mapana, fungu kwa fungu, huku ameshika mzizi kwa mkono mwingine nisiumie. Kisha uzi mweusi wa cherehani ya Baba: anazungusha kuanzia kwenye ngozi mpaka nchani, anavuta, anazungusha, mpaka fungu linakuwa kama kamba, macho yananivutika nafanana na Mchina. Mwisho kitambaa, na kulala.

Kesho yake tunafungua, tunapaka, tunafunga tena.

Bibi Mukankusi alikuwa anakaa mkekani pembeni, anasuka kikapu chake, anatazama. Mama akivuta kwa nguvu, alisema kwa Kinyarwanda neno ambalo nalikumbuka mpaka leo: nywele hazipigwi, zinabembelezwa kama ndama asiyetaka kunyonya. Na Mama akacheka. Mama alikuwa hacheki katika nyumba ile. Alikuwa anapika, anafua, anaitika "Naam, wifi." Lakini magotini pake, mimi nikiwa nimempa kisogo, alikuwa anazungumza. Alinisimulia mlima wa kwao, ng'ombe aliyekuwa akimfuata kama mbwa, kaka yake aliyeogopa vyura. Magoti yake yalinuka kitunguu. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi vile, na nilikuwa naomba nywele zisilale upesi, ili tuendelee.

Zikalala. Alhamisi mchana Mama alifungua nyuzi zote, akazichana nyuma, zikalala kimya zinang'aa kama maji ya ziwa. Shangazi Sofia akapitisha kiganja. Akasema, "Haya. Zikibaki hivyo mpaka kesho."

Kumbe mvua ilikuwa inangoja. Haikupita saa moja, ikaanza, na mimi nikatumwa kuanua nguo. Nilirudi mbio, lakini umande tu wa mvua unatosha. Pale mbele, juu ya paji, nikasikia kwa vidole zinaanza kuinuka. Mama alikuwa kwa jirani anaazima masufuria. Bibi Mukankusi alikuwa ukumbi wa nyuma anabeba kuni kichwani, na kwa ajili ya mzigo alikuwa ameuvua urugori wake akauweka juu ya mkeka chumbani. Chumbani mlikuwa na mimi na Zaina.

Zaina aliniangalia. Akasema, "Zinafura."

Nikasema, "Nitafunga kitambaa."

"Kitambaa kitafyonza mafuta yote. Unataka kitu kigumu cha kukandamiza." Akauokota urugori. "Huu. Bibi yako nywele zake mbona zinalala?"

Nikamwambia ule ni wa wakina mama. Hilo nilijua, ingawa sikujua kwa nini. Akanijibu, "Dakika chache tu, mdogo wangu. Bibi yako iko kwenye kuni. Au unataka nishike mrashi mimi?" Alisema kwa huruma. Mpaka leo naisikia ile huruma. "Geuka ukutani nikufunge."

Nikageuka. Nikampa kisogo, kama nilivyokuwa nikimpa Mama.

Alifunga, akatoka. Sikuhesabu hata mpaka ishirini. Shangazi Sofia aliingia moja kwa moja, hakuuliza niko wapi, na Zaina nyuma yake analia tayari. "Mama, nilimkataza. Wallahi nilimkataza." Nikasema, "Ni Zaina aliyenifunga." Nikapigwa kofi la mdomo. Machozi ya Zaina yalikuwa yamefika kabla ya maneno yangu, na katika nyumba ile aliyefika kwanza ndiye aliyesema kweli.

Wakaja wote. Bibi Mukankusi alipouona urugori wake kichwani mwangu, mzigo wa kuni aliutua polepole sana. Akaja nyuma yangu. Hakuufungua kwanza. Alilitazama fundo. Yeye alikuwa msusi wa vikapu, vidole vyake vilisoma ukindu kama wengine wanavyosoma barua. Akasema kwa Kinyarwanda, taratibu: "Mtoto huyu hakujifunga. Aliyefunga alisimama nyuma yake, na mkono wake wa kushoto ndio wenye nguvu."

Sasa nikwambie kitu. Zaina alizaliwa wa mkono wa kushoto. Kula alifundishwa kwa kiboko atumie wa kulia, akatii. Kunywa, kulia. Kusalimia, kulia. Lakini kufunga kamba, kupiga sindano, kukata kitunguu, mkono wa kushoto ulikuwa unatangulia wenyewe. Kila mtu chumbani mle alijua.

Shangazi Sofia alikijua Kinyarwanda vizuri kabisa, alikuwa anapatana bei nacho sokoni kila siku. Akamgeukia Mama, akauliza, "Mukecuru, huyu bibi kizee wako, anasema nini?"

Na Mama akasema, "Hakuna. Anasikitika tu."

Hapo. Zaina alinifunga kichwa, sawa, alikuwa mtoto. Lakini Mama alikuwa mtu mzima, alisikia, alielewa, akameza. Alimwogopa wifi yake kuliko alivyonipenda mimi saa ile. Nimeandika. Amekufa, Mungu amrehemu, na nimeandika.

Walisema msichana akivaa urugori anafunga tumbo lake, hatazaa, na dawa yake ni kunyoa kila unywele ulioguswa, upesi, kabla arusi haijaingiwa na nuksi. Shangazi Sofia akaleta wembe. Mama ndiye aliyenishika kichwa. Mikono ileile, na bado ilikuwa ina siagi. Nywele za siku sita zikaanguka mkekani zimelala, zimenyooka, nzuri kuliko zilivyowahi kuwa. Urugori ukatiwa jikoni motoni. Ulikuwa mkavu, uliwaka mara moja.

Bibi Mukankusi aliondoka alasiri ileile, kwenye mvua. Kwa mila yao hakuweza kugombana katika nyumba ya mkwewe. Alinipapasa kichwa kilichonyolewa kwa kiganja chote, akachukua kibuyu chake, akaenda kichwa wazi, mama wa watoto saba, bila alama yake. Hakukanyaga tena Biryogo mpaka alipokufa. Arusi ilifanywa. Mimi nilifungiwa chumba cha nyuma pamoja na magunia ya mchele, na nikamsikia Zaina mlangoni akiwakaribisha wageni, "Karibuni, karibuni," na harufu ya marashi ikapita chini ya mlango.

Nywele zikaota tena, zikasimama vilevile. Lakini Mama hakuniita tena magotini. Kila zikifika kidole kimoja, ananipeleka kwa kinyozi. Sijui kama alikuwa anaogopa nywele zangu au alikuwa anaogopa kisogo changu, kisije kikamuuliza swali.

Niliolewa. Nikakaa miaka tisa bila mtoto. Zaina, kwa huruma yake ileile, alimweleza mama mkwe wangu habari ya urugori. "Nawaambieni tu mjue." Miaka tisa nilikula chakula cha watu wanaonitazama tumbo. Mume wangu alikuwa mtu mwema, hakuniacha, lakini hata yeye siku moja aliniuliza, mgongo amenipa: "Kwa nini uliuvaa?" Nikamwambia nilifungwa. Alikuwa ameshasikia hadithi kwa Zaina, na kwa Zaina hadithi inachekesha.

Rehema alipozaliwa, Bibi Mukankusi alikuwa ameshafariki. Mama alileta uji, alileta nguo, hakuleta urugori. Hakuna aliyeniletea. Mimi niliyevishwa kabla ya wakati, wakati ulipofika sikuvishwa.

Basi turudi Jumamosi. Shamsa amesema haendi. Rehema anambembeleza, Zaina anamalizia kicheko chake. Nikainuka, nikautoa urugori chini ya mto, nikaushika kwa ncha zote mbili za utepe. Nikasema, "Dada Zaina, wewe ndiye mkubwa wetu. Mfunge mtoto."

Akasema, "Mimi tena? Mama yake yupo."

"Mfunge wewe. Geuka, Shamsa, umpe bibi yako kisogo."

Sidhani Rehema alikuwa anaelewa, lakini kitana alikuwa amekishusha. Zaina akaweka kikombe mezani. Akanyoosha mkono. Mkono uliotangulia kuja ulikuwa wa kushoto. Ukafika katikati, akauona. Akautazama kama wa mtu mwingine, kisha akaurudisha mapajani, akaufunika kwa wa kulia.

"Macho yangu siku hizi," akasema. "Fundo dogo silioni."

Nikamwambia, "Bibi Mukankusi aliliona."

Zaina alimwita mtu wa pikipiki kwa simu, akaaga kila mtu kwa jina isipokuwa mimi. Andazi lake aliliacha limeng'atwa mara moja.

Nikakaa kwenye kiti, nikamwita Shamsa kati ya magoti yangu. Siagi ya kibuyu haipo. Ukiitafuta Remera utapewa kopo lenye picha ya mwanamke Mzungu. Nilichukua mafuta ya nazi nikayapasha viganjani, nikaanza kwenye ncha. Uzi upo, nyuzi hazijabadilika. Nilimsimulia habari ya ng'ombe aliyefuata watu kama mbwa. Alicheka. Aliniuliza, "Bibi, Mama yako alikuwa anavuta hivi?" Nikamwambia hapana, alikuwa na mkono mwepesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpa kichwa changu. Ni kweli, na hasira haikuondoka niliposema.

Jumapili alikwenda arusini na urugori wake. Nilimfunga mimi.

Yote mengine yamekwenda. Nyumba ya Biryogo imejengwa ghorofa. Njia aliyoipanda Bibi kichwa wazi siijui tena. Shangazi Sofia, Shangazi Amina na Mama wamelala, na wengine waliotujua walikwenda na miaka ile ambayo sitaiandika hapa. Mrashi uko Kanombe, ndani ya kabati la vioo, karibu na picha za wajukuu wa Zaina.

Kama nimekosea, nisahihisheni. Huenda arusi ilikuwa Alhamisi na kunyolewa Jumatano. Huenda watoto wa Bibi Mukankusi walikuwa wanane, nimemsahau mmoja aliyekufa mchanga. Majina sijakosea. Kati ya sita tumebaki wawili, kwa hiyo wa kunisahihisha ni mmoja tu, na njia ya Busanza anaijua. Aje. Utepe wa urugori nimeuacha mezani.